Aliyesimama Mbele ya Televisheni

Siku ile tulikuwa wanne ndani ya chumba: Mama Gertrude mwenye chumba, kaka yake Elysée, mimi, na binti yangu Ketsia ambaye alikuwa bado hajajua kusimama. Nawataja wote mwanzoni kwa sababu hata leo watu wa kiwanja chetu wananiuliza ni nani aliyesimama. Hakuna aliyesimama.

Ilikuwa mchana wa kawaida hapa Nyakasanza, mjini Bunia. Tulikuwa tumekula sombe, majani ya muhogo. Nje pikipiki zilipita na kupiga honi, na mtu alikuwa akipasua kuni nyuma ya ukuta.

Mama Gertrude na mimi tuliishi chumba kwa chumba. Alikuja akikimbia vita kutoka Djugu na Viviane, binti yake wa pekee, na katika mizigo yao michache walibeba televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa. Viviane alipenda kusimulia namna watu walivyowacheka njiani: wenzenu wanakimbia na mbuzi, ninyi mnakimbia na seri.

Mume wangu Emery alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, na simu yake ilikuwa haipiti kwa wiki nzima. Kwa hiyo kila mchana nilivuka kwenda kwao. Mama Gertrude alimpokea Ketsia mlangoni kabla sijamaliza kusema hodi, ili mikono yangu ipumzike. Hakuwahi kusema neno juu ya jambo hilo. Alinyoosha mikono tu.

Seri yenyewe, ile tamthilia ya televisheni, ilikuwa moja, ya miaka mingi, kwenye diski. Mjane mmoja analima maua ya waridi, na binti yake Lusinda anaondoka kwenda kutafuta maisha mbali. Wale watu walisema Kifaransa. Mama Gertrude hakusoma. Kwetu, kama mnatazama pamoja, aliyesoma ndiye anafasiri: anaketi kwenye kiti kidogo pembeni ya televisheni, uso kwa watu, na kuwasemea wote kwa Kiswahili. Viviane alifasiri vizuri sana. Akisema maneno ya tajiri, alitoa tumbo. Akisema maneno ya mama mkwe, tulicheka mpaka machozi.

Sokoni alikuwa amepata kitabu cha hadithi hiyohiyo, chenye picha ya waigizaji kwenye jalada. Alikisoma hata akajua kila kitu kabla hakijatokea. Na pale mtu alipokaribia kufa, Viviane alisimama. Alikuja mbele ya televisheni, akakipa kioo mgongo, akaegemeza viganja vyake nyuma juu ya kioo, na kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kikafunika picha yote. Kisha alitusimulia mambo mengine kutoka kichwani mwake.

"Amepona," alisema. "Wanamupikia supu."

Nyuma yake tulisikia watu wa seri wakilia. Mama Gertrude aliitika, "Mungu asifiwe." Nilijiuliza kama anaamini, au anampa tu mtoto wake furaha ya kumlinda.

Waliitazama seri ile, wakaimaliza, wakaianza tena, na tena. Lakini mwisho wake Mama Gertrude hakuwahi kuuona. Kila mara Viviane alisimama na kusema, "Lusinda anarudi kwa mama yake."

Halafu watu walisema Djugu kumetulia, na Viviane akaenda na wenzake kung'oa mihogo katika shamba lao. Wenzake walirudi. Walisema alikuwa akitembea nyuma yao. Kisha walipogeuka, hakuwepo.

Miezi ilipita bila habari. Elysée alikuwa akitoka kambi ya wakimbizi kuja kumsihi dada yake wakae kilio cha Viviane. Alisema mtu asiyeliliwa anabaki njiani. Mama Gertrude alikataa. Hajaona mwili, hajasikia neno, atalia nini? Mezani aliweka kila siku sahani mbili. Hakuruhusu mtu kupangusa kioo cha televisheni, kwa sababu Viviane ndiye aliyekipangusa na ncha ya kikwembe chake kabla ya kuanza. Vumbi likakaa. Picha tuliziona kama kupitia moshi.

Mimi aliniazima kile kitabu. Nilimaliza la sita tu, kwa hiyo nilisoma polepole, kidole chini ya mstari, mtoto akiwa amelala. Nilipofika mwisho nilikifunga, nikakaa nimekishika. Lusinda alirudi nyumbani ndani ya sanduku.

Siku ile basi, Elysée alikuja na viazi vitamu na ombi lake lilelile. Mama Gertrude alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Ketsia, leo weye utafasiri. Ile diski ya mwisho. Kama Lusinda anarudi, mimi naendelea kungoja. Kama harudi, Elysée apange viti vya kilio."

Nilivuta pazia ili tuone vizuri. Nilikuwa nimevaa kikwembe changu kipana kuliko vyote. Nilijua la kufanya. Ningesimama, kama Viviane, na kusema kwamba amerudi.

"Na usisimame," Mama Gertrude akasema.

Elysée, aliyeketi karibu na mlango, alinitania kwamba leo watasikia Kifaransa cha la sita, na kwamba yule mjane bila shaka atauza nyanya. Tulicheka kidogo. Sikuketi kwenye kile kiti kidogo. Niliketi kwenye mkeka, Ketsia mapajani. Kiti tulikiacha.

Nilifasiri. Mjane anakata maua. Mjane anauliza kama barua imefika. Mara mbili nilikwama, nikasema nilichoona tu. Mama Gertrude aliitika kwa kichwa.

Ketsia hakutazama picha. Alitazama kile kiti. Akacheka, kama anavyocheka mtu akimfanyia uso wa kuchekesha.

Kwenye seri, gari lilionekana mbali barabarani. Nilikumbuka ukurasa. Nilijua kilichomo ndani ya gari lile. Nilishika pindo la kikwembe changu, nikataka kusimama. Nilibaki nimeketi.

Harufu ikaja. Udongo mbichi. Udongo wa mihogo iliyong'olewa sasa hivi.

Macho ya Ketsia yakapanda. Polepole. Kutoka kwenye kiti kwenda juu, kama ya mtoto anayemtazama mtu mzima akiinuka. Kisha yakasogea, mpaka mbele ya televisheni. Hapo yakasimama. Akanyoosha mikono ili abebwe.

Mwanga wa televisheni ukaondoka usoni pa Mama Gertrude. Ukaondoka mikononi mwake. Ulibaki ukutani tu, kushoto na kulia. Katikati kulikuwa na giza lenye mabega.

Nilitazama televisheni. Sikuona mtu. Sikuona picha pia.

"Mama Ketsia," Elysée alinong'ona kutoka nyuma. "Ikala chini."

"Niko chini," nikasema.

Nilisikia pumzi yake.

Gari la kwenye seri lilizimika. Mlango ulifunguliwa. Watu wakaanza kulia, na sisi hatukuwaona. Nilimkumbatia Ketsia kwa nguvu. Alikuwa bado amenyoosha mikono, akilalamika kidogo, kama aliyemuona mtu wake na hachukuliwi.

Mama Gertrude hakuogopa. Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kumwamsha mtoto asishtuke.

"Viviane. Toka mbele, mama."

Hakuna kilichosogea.

"Kila mara nilisikia wakilia nyuma yako. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu ulinihurumia vizuri. Sasa inatosha. Niache nione."

Ukutani, mwanga ukasogea. Kidogo. Kidogo tena. Ukarudi juu ya mikono yake, kisha usoni. Picha ikawa pale. Wanaume wanne, sanduku, na mjane mlangoni na waridi zake.

Alinitazama. Alikuwa akingoja nifasiri.

"Harudi, mama," nikasema. "Wanamuleta."

Alitazama mpaka majina yalipopita yote. Kisha alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja juu ya magoti.

"Elysée," akasema, "panga viti."

Majirani walikuja na mikeka yao, na mmoja akaleta sufuria kubwa bila kuombwa. Mimi nilirudi ndani kuzima televisheni. Nilifungua pazia, na jua la alasiri likapiga kioo.

Kwenye vumbi kulikuwa na alama za viganja viwili. Vilikuwa chini, karibu na ukingo, na vidole vimeelekea sakafuni. Nimejaribu mara nyingi. Ili mikono ikae vile, lazima ukipe kioo mgongo na uwatazame watu.

Mama Gertrude baadaye alikwenda kuishi na Elysée. Televisheni aliniachia mimi. Emery bado yuko machimboni. Mchana chumba cha jirani kiko kimya, na Ketsia, ambaye sasa anatembea, anaketi mbele ya kioo kile bila mimi kukiwasha. Sijakipangusa.

Habari ya kifo cha Viviane ilifika Bunia baada ya Pasaka, pamoja na watu waliokwenda kuvuna maharagi. Mama Gertrude alikuwa amekwisha kuvua nguo nyeusi.