Benta na Masikio ya Baba

Kila Jumamosi mchana, Benta alimpelekea babake githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, katika kiwanda cha sabuni mtaani Baba Dogo. Babake, Phares, alikuwa mlinzi wa geti. Zamani alikuwa mwanajeshi wa helikopta. Alipigana Somalia, na aliporudi akatumwa kuwashushia chakula watu waliozingirwa na mafuriko. Ngurumo za injini za miaka hiyo yote zilimharibia masikio. Sasa, kama alivyojitania mwenyewe, yamebaki ya kushikilia kofia tu.

Nyumbani walizungumza kwa ishara za mikono, zile za wanajeshi wa helikopta, kwani angani injini humeza maneno. Kazini Phares alisoma midomo ya watu, akawaficha wote kwamba hasikii.

"Wakijua watanifuta kazi," alimwambia Benta. "Nami nimechoka kutafuta kazi, mwanangu."

Benta akaahidi kunyamaza, ingawa siri hiyo ilimlemea.

Siku hiyo lori lilikuwa likirudi nyuma kuelekea getini. Phares alikuwa ameligeuzia mgongo, akifagia maji ya mvua. Honi ikalia, ikalia tena. Maskini, yeye akaendelea kufagia. Benta aliutupa mkebe wa githeri, akakimbia na kuligonga lori ubavuni kwa viganja huku akilia. Lori likasimama karibu kabisa na visigino vya babake.

Dereva, Mumin, akashuka mbio. "Mzee, husikii honi? Ningekuua leo."

Msimamizi wao, Mama Nyawira, akaja mbio. Phares akampa Benta ishara: sema nilikuwa na mawazo.

Benta akatazama mikono ya babake, kisha gurudumu. "Baba hasikii," akasema. "Hasikii tangu atoke jeshini."

Phares akaketi chini, kichwa kimeinama. Benta alihisi kana kwamba amemuuza babake.

Mama Nyawira akachuchumaa mbele ya Phares, akasema polepole. "Mzee Phares, mficha maradhi kifo humuumbua. Jumatatu nenda ukapimwe masikio. Ukirudi utafanya kazi ya bohari, mbali na malori."

Phares akamvuta binti yake karibu.

"Kule angani kazi yangu ilikuwa kuchungulia mlangoni na kumwambia rubani palipo na hatari, hata akikasirika," akasema kwa uchovu. "Ningenyamaza, tungeanguka sote. Ukweli hata ukiuma, huokoa. Hilo nililijua, mwanangu, na bado nikakufundisha kunyamaza. Nisamehe."