Samadi, Nenda Zako!

Huyu ni Aikande. Ana miaka sita, na ufagio mrefu kuliko yeye.

Kwao ni mlimani, katikati ya migomba. Wana ng'ombe wawili, Madoa na mama yake Madoa. Ng'ombe hao wanakula majani bandani, mchana kutwa.

Na ng'ombe akila sana, je? Po! Po! Po! Samadi!

Usizibe pua. Ni ng'ombe tu.

Siku moja Baba akasema, "Aikande, sasa umekua. Kufagia banda ni kazi yako. Samadi yote ipeleke kwenye shimo la gesi, ioze itoe gesi, Mama apate moto wa kupikia."

Aikande akafurahi, akaruka juu!

*Fagia, fagia, fya-fya-fya!*
*Samadi, nenda zako!*

Lakini ndoo ya samadi ilikuwa nzito. Na shimo la gesi lilikuwa mbali, kule nyuma ya jiko.

Nyuma ya banda palipita mfereji. Maji yake yalikimbia kwenda chini, shwaa, shwaa.

Aikande akatazama huku. Akatazama kule. Akasukuma kwa ufagio.

Chubwi! Samadi ikaenda zake.

"Umemaliza mara hii?" Baba akashangaa. Aikande akakimbia kucheza.

Siku ya pili, chubwi! Siku ya tatu, chubwi!

*Fagia, fagia, fya-fya-fya!*
*Samadi, nenda zako!*

Jioni Mama akainamia jiko. "Mbona moto wa gesi umekuwa mdogo?"

Aikande akatoka nje haraka.

Siku ya nne, Mama akamtuma apeleke maziwa kwa Bibi Nsia. Bibi anakaa kule chini. Mfereji uleule unapita uani kwake.

"Hodi, Bibi!" Kimya. Bibi hayupo.

Bata wake wapo. Wamesimama ukingoni, hawataki kuingia majini. "Kwe? Kwe?"

Aikande akachungulia. Maji yalikuwa ya kahawia. Yalinuka.

Mara Bibi akatokea njiani, ndoo kichwani. Alitembea polepole, kwa sababu ana goti bovu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mfereji umechafuka. Siku hizi nachota maji kule mtoni."

Bibi akatua ndoo. Akakaa, akashika goti lake. "Aa! Aa!"

Moyo wa Aikande ukawa mzito kuliko ndoo ya samadi.

"Bibi, ni mimi," akasema, na machozi yakamtoka. "Nilisukuma samadi mferejini. Nilidhani ikienda, imekwisha."

Bibi akamfuta machozi kwa khanga yake. "Ikitoka kwenu, mama, inafika kwangu. Wa juu humtunzia maji wa chini. Na wewe ni wa juu."

"Lakini ndoo ni nzito, Bibi."

"Basi usiijaze!"

Ha! Aikande hakuwaza hilo.

Akakimbia nyumbani. Akamwambia Baba kila kitu. Baba akakunja uso. Kisha akaenda kuleta ndoo ndogo, nyekundu.

"Na mimi nimekosea," akasema. "Nilikupa ndoo ya baba."

Ndoo moja. Ndoo mbili. Ndoo tano! Aikande akachoka, lakini hakuacha.

Akaongeza maji. Akakoroga, koro-koro-koro. Samadi ikazama shimoni, gulu-gulu-gulu.

*Fagia, fagia, fya-fya-fya!*
*Samadi, twende nyumbani!*

Siku zikapita. Mama akawasha jiko. Puu! Moto mkubwa, wa buluu! Maji ya mfereji yakawa safi kabisa.

Na kwa Bibi Nsia? Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Safari hii ni bata.

Bibi akachota maji palepale uani, akaimba. Goti lake likapumzika.

Usiku ule Aikande alikunywa maziwa ya moto. Maziwa ni ya mama yake Madoa. Na moto je? Ni wa Madoa na mama yake!

Akajifunika blanketi. Nje ya dirisha mfereji ulipita, shwaa, shwaa, ukishuka kwa Bibi.

"Maji, nenda zako," Aikande akanong'ona. "Bibi anakungoja."

Akalala.