Stima Isimame Kwanza

Mume wangu Garret alianza na mashua moja ya tanga. Alivusha kabichi na chaza kutoka Staten Island hadi New York, mikono ikimchubuka. Leo ana stima nyingi katika Mto Hudson, na watu humwita bwana mkubwa. Siku ile mimi nilimwita mpumbavu.

Alikuwa mezani akila chaza. Mimi nilikuwa nimetoka kumtembelea binti yetu Dina huko Newburgh. Goti langu lilikuwa limevimba.

"Umeanguka wapi, mama Dina?"

"Kwenye stima yako!"

Stima za Garret hazikusimama gatini. Zilishindana na za Bwana Peck kuwahi Albany. Abiria aliyetaka kushuka alitiwa kwenye mashua ndogo iliyofungwa kwa kamba nyuma ya stima, stima ikiendelea kukimbia. Mashua ikigusa gati, watu walisukumwa nje na mizigo yao ikatupwa. Mara kamba ilivutwa, hata kama mguu wa mtu bado umo ndani.

"Kila mtu anafanya hivyo," alisema Garret. "Nikisimama, Peck atanipita."

"Dina anakuja Jumamosi kujifungua hapa. Naye utamtupa kama gunia?"

"Watamshika vizuri."

"Basi kesho ushikwe wewe vizuri!"

Kesho yake tulipanda stima yake. Tulipokaribia Newburgh nilimwambia nahodha asipunguze mwendo. Tukatiwa kwenye mashua. Yates, mpakizi wa gatini, alinidaka. Garret aliteleza, kofia ikaenda na maji, akaning'inia gatini miguu ikiwa mtoni. Yates akamvuta kwa ukosi.

"Una bahati, bwana mkubwa. Mwezi uliopita tulimwopoa mama mmoja aliyeteleza hivyohivyo hapa. Alikuwa amekwisha kufa."

Nilimgeukia mume wangu. "Ulijua?"

"Nilisikia."

"Ulisikia, ukaendelea kula chaza?"

Aliinama kukamua suruali yake. 

"Dawa yake ni rahisi," alisema Yates. "Simamisha magurudumu yanayoisukuma stima. Funga kamba mbele na nyuma. Weka ubao. Wanaoshuka washuke kwanza, ndipo wengine wapande. Usifungue kamba kabla ubao haujaondolewa."

"Na Peck je?"

"Akupite! Kupitwa si kufa."

Siku hiyohiyo Garret alitoa amri kwa manahodha wake wote.

Jumamosi stima ilisimama kwenye gati letu. Dina alishuka ubaoni polepole, mkono tumboni. Stima ya Peck ilipita ikipiga kengele kutukebehi. Garret aliuma meno, kisha akampokea Dina mzigo. Siku hizi watu wa Newburgh huiacha ya Peck ipite, wakangoja yetu.

Dina alijifungua salama mtoto wa kike. Garret alimpakata akicheka.

"Tumpe jina gani, mama Dina?"

"Yule mama aliyezama aliitwa nani?"

Kicheko kilimkauka. Hakujua.

"Mlaze mtoto," nilimwambia. "Nenda Newburgh ukaulize."