Mgeni wa Baba Kipruto

Ta! Ta!

Vidole vilialishwa sebuleni, mara mbili, kwa madaha, kama vya mtu anayemwita mhudumu hotelini. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua ya Kaplong inapiga mabati, na Janeffer alikuwa jikoni anachochea moto. Akasonya msonyo mrefu. Mumewe huyo! Tangu warudi kutoka Mombasa hakujua tena kuomba chai kwa mdomo.

"Nakuja, Baba Kipruto!"

Kisha akakumbuka kwamba mumewe Nicholas alikuwa kwenye kituo cha majani chai tangu saa saba. Wala hakwenda kupeleka majani, maana majani yalichumwa na kupelekwa na Janeffer mwenyewe. Alikwenda kuwaonyesha watu bangili.

Bangili yenyewe ilikuwa plastiki ya manjano, takataka tu. Lakini kule ufuoni, kwenye hoteli ambako mtoto wao Kipruto aliwalipia siku tano za kula, kunywa na kulala, bila hiyo hukuwa mtu. Ukiwa nayo mkononi, kila kitu kimelipiwa. Janeffer hakusahau siku ya kwanza, kijana mmoja alipoinama mbele yake akamuuliza, "Utakunywa nini, mama?" Miaka thelathini ya ndoa na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alitokwa na machozi mbele ya watu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazuri. Ugali wao ulikuwa uji, chai yao maji ya kusuuzia sufuria, na joto nusura limtoe roho. Ila kilichomchosha kuliko vyote ni mume. Mwanamume anayeosha miguu kwenye beseni lililopasuka, kule aliweka miguu juu ya kiti na kualisha vidole kutwa. Ta! Leta soda. Ta! Ondoa hii, si baridi. Watoto wa watu walikimbizwa mpaka jasho likawatiririka, na yeye anacheka.

Jioni ya mwisho alikuja mhudumu ambaye hawakuwa wamemwona. Mrefu, mkimya, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni. Nicholas, tumbo limejaa, akajifanya mkarimu. Akatoa ile karibu ya kwao, ambayo hupewa kila mtu na hakuna anayeitarajia.

"Siku moja ufike Kaplong, kijana. Wewe pia ukae kwa kiti, uhudumiwe. Maziwa iko mingi."

"Nani atanihudumia?" yule akauliza.

"Si bibi yangu yuko!"

Asubuhi Janeffer alimuulizia kwa mkubwa wa wahudumu. Yule bwana akainamisha macho, akasema hawana mtu kama huyo, akaondoka haraka. Pale mapokezi wakamkata Janeffer bangili kwa makasi, na papo hapo glasi ya maji ikatolewa mkononi mwake. "Muda umeisha, mama." Nicholas akaficha mkono wake ndani ya koti asikatwe. Mzee mzima!

Sasa Janeffer akaingia sebuleni akifuta mikono. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti cha mumewe kilikuwa kimelowa chapachapa, na nyumba nzima ilinuka chumvi na samaki wa juzi. Ta! Vidole vikalia juu ya kile kiti kitupu, na miguu yake ikageuka bila kumwomba ruhusa, ikampeleka jikoni, mikono yake ikashusha kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, ikamimina kikombe mpaka juu, ikakirudisha sebuleni na kukiweka mezani kwa adabu, huku yeye ndani yake akipiga kelele ambazo hazikufika mdomoni, akatazama maziwa yakishuka taratibu, taratibu, mpaka kikombe kikabaki na mchanga mweupe chini.

Usiku huo alimwambia mumewe kwa kunong'ona. Nicholas akacheka.

"Mama Kipruto, huyo ni mgeni tu. Mpe maziwa, uwache kuniaibisha."

Siku zilizofuata Nicholas aliketi kando ya kile kiti kilicholowa na kukipigia hadithi, eti ana mgeni wa Mombasa! Na kila vidole vilipolia, mwili uliokwenda ulikuwa wa Janeffer. Majani ya chai yalikomaa kupita kiasi shambani. Ng'ombe alilia kwa kiwele kilichojaa. Aliona wazi kwamba ataishi hivi mpaka afe, mtumishi wa kiti, kwa sababu ya neno moja la mpumbavu aliyeshiba.

Jirani yake Jerusa akaleta wanawake sita wa maombi. Walianza kwa wimbo wa nguvu. Ubeti wa pili, ta! Wote sita wakafunga vitabu, wakaingia jikoni kimya, wakaosha vyombo vyote, wakafagia mpaka uani, wakaenda zao bila kuaga. Aliyeyasimamia maombi ndiye aliyesugua sufuria. Jerusa peke yake alibaki langoni.

"Hiyo kitu haifukuzwi, Mama Kipruto. Hiyo kitu ilikaribishwa. Nani aliita?"

Swali hilo lilikaa na Janeffer. Jumapili baada ya chakula, Nicholas alipokuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, mate kwenye kola, mkewe alichukua makasi. Alikata ile bangili, ikaanguka sakafuni.

"Muda umeisha," akasema kwa sauti. "Huyu hana mke wa kupeana."

Mvua ikanyamaza juu ya mabati. Harufu ya chumvi ikapanda mpaka ikamwasha machoni, na kutoka kwenye kiti ile sauti ikauliza, pole pole, karibu kabisa na sikio lake, "Basi nani atanihudumia?"

Janeffer alimtazama mumewe. Alitafuta huruma moyoni, hakuipata.

"Aliyekukaribisha."

Ta! Nicholas akainuka, macho yamefumbwa, akaenda jikoni.

Tangu siku hiyo anakama yeye, anachuma yeye, anapika yeye, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni hata jua likiwaka. Hasemi kitu. Watu kituoni wanamsifu kwamba pwani ilimbadilisha. Vidole havikulia tena, kiti kikakauka, na Janeffer akaamini mgeni amekwenda zake. Jumamosi moja, amechoka, alikikalia kile kiti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kilikuwa kizuri. Akatamani chai. Akafungua mdomo aombe, kisha akaona ya nini kujisumbua, akainua vidole vyake.

Ta!

Jikoni Nicholas akaanza kukimbia, vikombe vikigongana. Janeffer akatabasamu, akaweka miguu juu ya meza. Hapo ndipo alipohisi kiti kikianza kulowa.