Faida Ipo, Hela ya Ziara Hakuna

Kila nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa moja: kufunga sabuni. Mama na shangazi walikuwa na kampuni ndogo ya sabuni nyuma ya nyumba yetu. Mama alipika na kumimina, shangazi aliandika hesabu, nami nilifunga vipande kwa karatasi hadi vidole vikanuka limau hata wakati wa kula. Sikulalamika, maana mama alikuwa ameniahidi: "Tukipata faida ya laki tano muhula huu, nitakulipia ziara ya darasa." Ziara ilikuwa laki moja na ishirini, na mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa.

Alhamisi shangazi alifunga daftari huku anacheka. "Wifi, faida laki tisa!"

Niliruka hadi nikapindua boksi. "Mama, basi nipe hela ya ziara!"

Mama hakunitazama. "Hela hakuna, mwanangu."

Mlangoni, muuza mashine alikuwa anashusha mashine mpya ya kukatia sabuni. Nikaitazama, nikamtazama mama. Muhula mzima nimefunga sabuni wenzangu wakicheza!

"Umenidanganya!" nikasema. "Laki tisa zipo, umezificha!"

"We Kasuku, hebu kaa hapa," shangazi akanivutia kiti. "Piga hesabu kwanza, maneno baadaye. Hoteli imechukua sabuni za laki tatu na nusu na haijalipa. Kwenye faida zimo, mkononi hazimo. Toa."

"Laki tano na nusu."

"Hizo ndizo tulizobaki nazo baada ya kulipia mafuta, magadi na umeme. Mashine ni laki tano. Toa tena."

"Elfu hamsini," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Hiyo inaitwa fedha huru. Ni ile inayobaki baada ya kuendesha kazi na kununua vifaa vyake. Hiyo tu ndiyo tunayoweza kuitoa bila kuiumiza kampuni."

Hesabu niliielewa, lakini moyo ulikataa. "Mama, kwa hiyo ulijua? Ukaniacha niendelee kufunga tu?"

"Nilijua wiki mbili zilizopita, mashine ya zamani ilipokufa," mama akasema polepole. "Nilishindwa kukwambia."

Nililia. Hilo liliniuma kuliko ziara yenyewe. Ningeweza kuvumilia kukosa, lakini si kufanywa mjinga. Nilipofuta machozi, nikaiona ile laki tano ya mashine daftarini.

"Kwani lazima mashine ilipwe yote leo?"

"Naona haya kuomba," mama akanong'ona.

Shangazi hakuona haya hata kidogo. Alimwendea muuza mashine palepale. "Kaka, nusu leo, nusu mwezi ujao hoteli ikilipa?"

"Wateja wangu karibu wote hulipa hivyo," akacheka. "Nilidhani nyinyi ni matajiri!"

Nikapiga hesabu upya: laki tano na nusu, toa laki mbili na nusu. Fedha huru laki tatu! Shangazi akaandika deni lililobaki kwa wino mwekundu, tusije tukalisahau.

Mama akahesabu laki moja na ishirini, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Niliahidi kwa kutazama faida, kumbe nilipaswa kutazama fedha huru. Hilo ni kosa la hesabu, linasahihishika. Kosa kubwa ni kwamba mambo yalibadilika nikanyamaza. Wewe ulistahili kuambiwa na mama yako, si kuambiwa na mashine mlangoni."