Kitabu cha Pili Bila cha Kwanza

"Na cha kwanza kiko wapi?"

Hilo ndilo swali alilouliza jirani yetu, mama muuza magazeti, aliposimama mlangoni kwetu na kitabu cha katuni mkononi. Mwanangu alitazama dari. Mke wake alitazama sakafu.

Ngoja nieleze tulifikaje hapo.

Mwanangu hatulii. Mtaa mzima unamwita Kiguu na Njia. Chai anakunywa amesimama. Kiatu kimoja anavalia ndani, cha pili anavalia nje. Leo anauza soksi, kesho vifuniko vya simu. Mke wake ni fundi wa nguo, mtu mpole, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Asubuhi moja mwanangu aliingia mbio.

"Mke wangu, tumeula! Kuna robota zima la vitabu vya katuni, bei ya bure! Watoto wa shule watatugombania."

"Umelifungua ukaona?"

"Nilifungue la nini? Limefungwa kamba vizuri. Muuzaji anasema nikichelewa, linachukuliwa."

"Na pesa tutatoa wapi?"

Aliitazama cherehani.

"Baba watoto, hapana."

"Tunaiweka rehani siku chache tu. Tukiuza, tunaikomboa."

"Na tusipouza?"

"Wewe nawe! Mdomo wako huo!"

Akatoka, akaingia, akatoka tena. Alimzungukia hivyo mpaka adhuhuri. Mwishowe mkwe wangu akachoka. Akaifunika cherehani kitambaa, kama mtu anayemfunika mtoto, akasema, "Chukua." Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo.

Siku ya kwanza biashara ilikuwa moto. Mwanangu alitandaza vitabu karibu na lango la shule, vikanunuliwa haraka. Kesho yake watoto walirudi wamenuna.

"Mjomba, huyu mwenye kofia nyekundu ni nani? Mbona hadithi inaanza yuko tayari juu ya paa?"

"Halafu anaruka, basi! Imeandikwa 'Itaendelea'. Inaendelea wapi?"

"Inaendelea mbele," mwanangu alijibu.

"Mbele wapi? Turudishie pesa zetu!"

Akahamia kituo cha basi. Akahamia sokoni. Kila mahali watu walifunua, wakarudisha chini. Nyumbani mahali pa cherehani pakabaki patupu, na siku za rehani zilikuwa zinakwisha.

Ndipo jirani alipokuja na swali lake. Aliingia, akaketi juu ya robota.

"Kaa basi, Kiguu na Njia," alimwambia mwanangu.

"Nimekaa, mama."

"Umesimama, baba."

Mwanangu akachuchumaa.

"Hadithi hii ina vitabu vitatu," jirani alisema. "Tazama hapa, pembeni mwa jalada. Namba ngapi?"

"Mbili."

"Chukua kingine."

"Mbili."

"Na hicho?"

"Mbili... Mungu wangu! Vyote ni namba mbili!"

"Ndiyo maana ya bei ya bure. Vilimdodea mwenzako, akavifunga kamba, akakutafuta wewe mwenye haraka."

"Nimekwisha."

"Hujaisha. Wako wauzaji waliobakiwa na namba moja na namba tatu. Navyo vimewadodea. Watafute, mbadilishane. Lakini kila kitabu kifungue kwanza. Tazama namba. Hesabu kurasa. Jalada zuri linaficha mengi."

"Naenda sasa hivi!"

"Vaa kiatu cha pili," nilimwambia.

Safari hii miguu yake ilipata kazi ya maana. Alizunguka kwa wauza vitabu vya zamani, mmoja baada ya mwingine, akabadilishana. Jioni alikaa chini, naam, alikaa, akakagua ukurasa kwa ukurasa. Vilivyochanika aliweka kando. Mkwe wangu alichukua sindano nene akashona kwa mkono: cha kwanza, cha pili na cha tatu vikawa kitabu kimoja kinene. Wale watoto wenye namba mbili waliuziwa namba moja na namba tatu, kwa bei nafuu.

"Mjomba!" mmoja alipiga kelele kutoka ukingo wa barabara. "Kumbe mwenye kofia ni baba yake yule mvulana wa kitabu cha kwanza!"

Vitabu vikaisha. Cherehani ikarudi kabla siku za rehani hazijatimia. Mkwe wangu aliifuta, akaitia mafuta, akaanza kushona huku akiimba chinichini. Nikasema, asante Mungu.

Haukupita muda, yule muuzaji wa kwanza akabisha hodi. Begani alibeba robota jingine, limefungwa kamba vizuri.

"Ndugu yangu, safari hii nimekuletea mwenyewe. Bei ya bure! Ila fanya haraka, kuna mtu ananisubiri."

Niliitazama miguu ya mwanangu. Ilianza kucheza. Cherehani ikanyamaza.

Mwanangu akavuta kigoda, akaketi.

"Karibu ukae," alimwambia. "Mke wangu, niletee mkasi. Tukate kamba tutazame namba."

Muuzaji aliutazama mkasi. Akarekebisha mzigo begani, akatoka.