Sindano ya Chiku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiku hujidunga sindano ya dawa ya sukari, kisha hunywa chai na viazi vya kuchemsha. Ana miaka kumi na tatu, na nyumbani kwao Iyunga jambo hilo limezoeleka kama kupiga mswaki.

Ramadhani ilipoingia, mdogo wake Yunusu, mwenye miaka kumi tu, alifunga. Mama alimsifia, akampikia tambi za futari. Yunusu akavimba kichwa.

"Dada kobe!" alimtania Chiku. "Mkubwa mzima anakula mchana!"

Maneno hayo yalimchoma. Asubuhi iliyofuata Chiku alimwaga chai nyuma ya nyumba, na sindano hakuigusa, kwa kudhani nayo ingemfunguza.

"Umeshajidunga?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Uongo mtupu, tena mchana wa Ramadhani! Kesho yake akaurudia.

Alasiri, wakiwa madrasa, kiu ilimkausha koo. Tumbo likamkata, akatapika, akawa anahema kwa nguvu. Yunusu aliingiwa na hofu, akakimbia nyumbani huku analia.

"Mama, dada anaumwa! Ni mimi niliyemwita kobe!"

Mama alikuta dawa haijaguswa. Ustadhi Farhan, mwalimu wao, aliita bajaji, wakamkimbiza Chiku hospitali.

"Mngechelewa zaidi tungempoteza," muuguzi alisema.

Chiku alipopata nafuu, ustadhi alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, ustadhi. Nilitaka Mungu anikubali kama wengine."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakwambia hakukubali? Mgonjwa ameruhusiwa kula, na ruhusa imetoka kwake Yeye. Daktari akikukataza kufunga, hapingani na dini. Utalisha maskini kwa kila siku usiyofunga. Na sindano ile ni dawa, si chakula."

Chiku alilia kwa aibu, na kwa kufarijika pia.

Aliporudi nyumbani, mchana mmoja Yunusu, mwenye saumu yake, alimletea kikombe cha uji.

"Kunywa, dada. Umeshajidunga?"

"Nimejidunga. Kweli safari hii."

Mama aliwatazama wote wawili.

"Yunusu, ulifunga tumbo ukasahau ulimi. Leo umefunga vyote. Nawe Chiku, uhai wako ni amana ya Mungu. Kuutunza ni ibada, na kusema kweli ni ibada. Haya, kunywa uji usipoe."